Mbiu Ikishanyamaza

Zamani katika miji ya pwani kulikuwa na pembe za aina mbili. Siwa ilikuwa ya wakubwa, ya harusi za mabwana na ya kutawaza watawala. Mbiu, pembe ya mnyama tu, ilikuwa ya watu wote. Ikilia, aliyekuwa anatwanga aliacha mchi, waliokuwa barazani walikatisha mazungumzo, na mpiga mbiu akasema alilotumwa kusema. Ndipo tukapata msemo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Naanza na pembe hii kwa sababu imebeba namna yetu ya kuielewa habari ya serikali: ni jambo linalokujia ulipo, kwa sauti, na linawafikia wote kwa pamoja.

Desturi hiyo haijafa. Tanzania Bara, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Nimeketi katika mikutano ya namna hii chini ya mwembe, na ikiendeshwa vizuri sijaona chombo cha uwazi kinachoishinda. Bibi asiyejua kusoma anasimama, anauliza fedha za bomba zimekwenda wapi, na mwenyekiti anajibu mbele ya watu wanaolijua bomba lenyewe.

Udhaifu wa mbiu huonekana kesho yake. Kilichosemwa kinabaki vichwani, na vichwa havikumbuki sawa. Karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo inapigwa na jua, inanyeshewa, inachanwa na mtoto anayetaka kutengeneza ndege.

Mama yangu mdogo huuza mchicha na matembele. Mwaka mmoja ushuru wa meza yake ulipanda, na mkusanyaji akamwambia ndivyo ilivyotangazwa. Mama mdogo hakugombana. Alitaka tu kuiona sheria ndogo yenyewe, ajue kama kweli imeandikwa kwamba meza ya mboga inalipa sawa na meza ya nguo. Nilimsindikiza ofisini. Siku ya kwanza mhusika alikuwa kikaoni. Siku ya pili alikuwa safarini. Siku ya tatu tulimkuta, naye, bila ubaya wowote, akatuuliza: “Kwani nyie mnaitakia nini?” Mama mdogo akanyamaza. Swali lile lilimmaliza nguvu mwilini nikiona, kana kwamba amekuja kuomba mali ya mtu.

Tangu siku hiyo, kila ninaposoma jinsi nchi nyingine zinavyowapa watu wake nyaraka za serikali, naangalia kwanza kama mwananchi anaulizwa swali hilo.

Uswidi walilimaliza zamani. Sheria yao ya uhuru wa uchapaji ya mwaka 1766 ilifungua nyaraka za serikali, na leo, kwa kawaida, mtumishi wa umma haruhusiwi kumtaka mwombaji ajitambulishe wala aeleze anaitakia nini karatasi anayoiomba. Haki hiyo imewekwa mezani kwa mtumishi mwenyewe.

Marekani walipita njia nyingine, na hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1813 Bunge lao liliamua nakala za kumbukumbu zake zipelekwe kwenye vyuo, maktaba za majimbo na vyama vya historia. Sheria ya mwaka 1895, kisha ya mwaka 1962, zikaupanua utaratibu huo, na leo maktaba zipatazo 1,100 hupokea machapisho ya serikali kuu bure. Sharti lake ni moja kubwa: mtu yeyote akitaka kusoma, asome bila malipo. Hata maktaba ikiwa ndani ya chuo binafsi, kwa nyaraka hizo mlango ni wa umma. Humo mna sensa, ramani, mijadala ya Bunge, bajeti, hadi vijitabu vya kumfundisha mama wa nyumbani kuhifadhi matunda kwenye chupa. Na yupo mkutubi aliyesomea nyaraka za serikali. Mtu huja na shida, hajui jina la idara: kisima chetu kinanuka, nifanyeje? Mkutubi ndiye anayejua kwamba jibu liko kwa wataalamu wa miamba au kwa watu wa afya. Watu waliopoteza nyumba kwa kimbunga Katrina mwaka 2005 walikimbilia maktaba kujaza fomu za msaada wa serikali, maana fomu zilikuwa kwenye intaneti na kompyuta zao zimezama.

Nguvu ya kutawanya nakala ilionekana pale serikali ilipotaka kuzirudisha. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, maktaba ziliagizwa kuharibu diski moja yenye takwimu za vyanzo vya maji. Kisheria nyaraka hizo hubaki mali ya serikali, kwa hiyo diski ikaharibiwa. Mwaka 2004 Wizara ya Sheria ikataka vijitabu vitano kuhusu utwaaji wa mali kisheria viharibiwe vilevile. Safari hii wakutubi walipinga hadharani, kwani baadhi ya vijitabu hivyo vilikuwa ni maandishi ya sheria yenyewe, na agizo likafutwa. Mbiu haina kinga ya namna hiyo. Aliyeituma jana anaweza kesho kusema hakuituma, na hakuna wa kumwonyesha karatasi.

Lakini rafu ya maktaba nayo haitembei. Inamngoja mtu mwenye nauli, mwenye muda, anayejua kwamba ipo. Bibi wa chini ya mwembe angefia nje ya mlango wake.

Sisi nyumba za maktaba tunazo. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na vizazi vya wanafunzi vimekesha na vitabu vyake. Nairobi kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa zaidi ya miongo miwili Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Pale swali halikuwa unaitakia nini, bali wewe ni nani. Garissa nako, tangu mwaka 1996, ngamia wa huduma ya maktaba wamekuwa wakipeleka vitabu kwa wafugaji. Ngamia wale ni rafu iliyojifunza kutembea kama mbiu. Hubeba zaidi vitabu vya watoto, nami natamani katika shehena ile iwemo pia bajeti ya kaunti.

Sheria pia tunazo. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Tanzania inampa haki raia, kwa maombi ya maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ya Kenya inatoa siku 21, inakubali ombi la Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa amwandikie. Nakipenda sana kifungu hicho. Naisikia ndani yake sauti ya baraza. Hata hivyo sheria zote mbili zinamrudisha mwombaji pale pale, mezani kwa mhusika aliyeko kikaoni. Ningependa wabunge wetu waongeze mstari mmoja tu: kila sheria ndogo, kila bajeti na kila taarifa ya mapato na matumizi ipelekwe nakala maktaba ya wilaya kabla haijaanza kutumika, na mkutubi afundishwe kuitafuta.

Na iwe kwa lugha ya watu. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa sheria nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza. Mbiu haikuwahi kutangaza kwa lugha ambayo mtaa hauijui.

Sheria ndogo za halmashauri, kumbe, nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili, nazo hutolewa kama Tangazo la Serikali katika Gazeti la Serikali. Hilo tulilijua wiki kadhaa baada ya siku ile ya ofisini, kwa kuelekezwa na mwalimu mstaafu. Tukapanda daladala, mama mdogo na mimi, hadi maktaba iliyokuwa na magazeti hayo. Mkutubi alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

“La mwaka gani, mama?”

Akaleta jalada, akaliweka mezani. Mama mdogo alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kushuka na kidole kwenye jedwali la viwango, akitafuta mboga.