Bula Matari Alikuwa Mtoto wa Nani?

Wazee wetu wa Kongo walimwita Stanley «Bula Matari», maana yake mvunja mawe. Mji wa Kisangani ulichukua jina lake, Stanleyville, mpaka mwaka 1966. Lakini mtu huyu alizaliwa wapi, na ukoo wake ni upi? Miaka mingi yeye mwenyewe alisema kwamba ni Mwamerika. Haikuwa hivyo.

Tuanzie Wales, inchi ya milima iliyo magharibi ya Uingereza, yenye lugha yake. Zamani watu wengi wa huko hawakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati neno «ap», yaani mwana wa, kama vile watu wa pwani wasemavyo «bin». Baadaye neno hilo liliungana na jina: ap Harri likawa Parry, ap Rhys likawa Price. Basi watu wawili waitwao Parry waweza kuwa si ndugu hata kidogo. Atafutaye babu yake huko, jina peke yake halimtoshi; lazima ajue kijiji na kanisa. Serikali ilianza kuandika vizazi mwaka 1837. Kabla ya hapo vitabu vya kanisa ndivyo vilivyotunza majina.

Katika mji wa Denbigh kitabu cha ubatizo cha mwaka 1841 kinamtaja mtoto John. Mama yake ni Elizabeth Parry, na baba ameandikwa Rowland. Karibu na jina la mtoto mwandishi ametia neno la aibu, kuonyesha kwamba alizaliwa nje ya ndoa. Mtoto huyo hakukosa neno lo lote, lakini wino ule ulimfuata.

Babu yake, Moses Parry, mchinja nyama, alimtunza. Babu akafa. Mwaka 1847 mtoto, mwenye miaka sita tu, akapelekwa St Asaph katika nyumba ya maskini, akakaa humo mpaka mwaka 1856. Siku moja mama yake akaingia humo, mwana hakumtambua.

Kisha kijana akapanda merikebu kutoka Liverpool, akafika New Orleans, Marekani, mwaka 1859. Huko alijitwalia jina la mfanya biashara mmoja, Henry Hope Stanley. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka 1909 baada ya kufa kwake, alisema kwamba tajiri huyo alimfanya mwana wake, akafa mwaka 1861. Lakini hati zaonyesha kwamba tajiri alikufa mwaka 1878. Ndiyo sababu mwenye kutafuta ukoo hupima maneno kwa hati, hata maneno ya mwenyewe. Lakini tusimcheke. Asiye na baba alijitafutia baba.

Mwaka 1862 alirudi kwa mama yake, mgonjwa na maskini, mama hakumpokea. Miaka tisa baadaye alimkuta Livingstone kule Ujiji, jina lake likavuma duniani. Watu wa Denbigh wakamtambua, wakasema: Huyu ni John wetu. Yeye akakana.

Hatufichi jambo lingine. Tangu mwaka 1879 alimfanyia kazi mfalme Leopold II, akamfungulia njia ya kuitawala Kongo. Na utawala ule uliwatesa wazee wetu kwa sababu ya mpira. Kumhurumia mtoto si kusifu kazi zote za mtu mzima.

Nanyi, ndugu, waulizeni wazee wenu majina na vijiji wangali hai, kisha mtazame kitabu cha ubatizo. Tena mtoto wa jirani asiye na baba, tusimwite kwa neno ambalo itampasa kuvuka bahari ili kulikimbia.