Kutoka Narung'ombe hadi Narung'ombe

Nimezaliwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, baraza mbele na mwarobaini uani. Nyumba ile haipo tena, pamesimama ghorofa la maduka ya mabegi na simu. Jina la mtaa limebaki. Jirani yake upo Mtaa wa Tandamuti, upo wa Mahiwa, na wa Kibambawe hauko mbali. Tulipokuwa watoto tulitumwa mitaa hiyo kununua mafuta ya taa na maandazi, tukiyataja majina yake kama tunavyotaja siku za juma. Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuambia kwamba majina yote manne ni ya mahali walikopigana watu mwaka 1917.

Mimi niliambiwa wodini, nikiwa mgonjwa.

Lakini nianze na Kariakoo yenyewe. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande huu wa mji ulikuwa shamba la minazi. Serikali ya Mjerumani ililinunua ili iwahamishie Waafrika huku, mbali na nyumba za Wazungu zilizokuwa kando ya bahari, ikajenga na soko. Soko hilo lilikuwa bado jipya Waingereza walipoingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Wakapageuza kambi ya jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka jina hilo walivyoweza: Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariakor yao, iliyopata jina kwa njia hiyo hiyo. Soko tulilolikuta ukubwani, lile lenye paa la miavuli ya zege, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nami nililia kama wengi walivyolia. Ila waliolipa eneo hili jina lake walikuwa wamelala juu ya ardhi hiyo hiyo miaka zaidi ya hamsini kabla ya zege lile kumwagwa.

Vita hivyo vilihitaji vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe. Magari yalizama topeni. Reli ya kati haikwenda kusini, na jeshi la kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, lilirudi nyuma kuelekea kusini, likiwavuta Waingereza nyuma yake. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi, likawa juu ya mtu. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, mbali na blanketi na sufuria yake mwenyewe. Wengine walijiandikisha kwa hiari, na wengi walikamatwa vijijini mwao. Mjerumani naye alikuwa na wapagazi wake, akiwachukua njiani bila hata kuwaandika.

Jambo linalonishika zaidi ni hili: wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa maradhi. Kuhara damu, malaria, nimonia. Mtu aliyezoea wali au ndizi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika kwa haraka, kuni mbichi, maji machache, akaula nusu mbichi, tumbo likakataa. Kesho yake akatakiwa kuubeba mzigo ule ule. Masika ya 1917 bonde la Rufiji lilifurika, njia za chakula zikakatika, watu wakala mizizi. Vita vilipokwisha Novemba 1918, ile homa kubwa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka huo iliwakuta wengi wakiwa bado makambini, hawajarudishwa makwao. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria waliozipitia upya wanakaribia 100,000. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia ndugu zao. Na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Sasa nirudi wodini. Niliugua saratani ya mlango wa kizazi, nikatibiwa Ocean Road. Jengo la zamani la hospitali ile Wajerumani walilijenga mwaka 1897, kwa ajili ya Wazungu. Mgonjwa wa Kiafrika wa siku zile alikuwa na hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara wa Kihindi, Sewa Haji, ambaye jina lake leo liko kwenye jengo la wodi Muhimbili. Tangu 1996 Ocean Road ni taasisi ya saratani ya nchi nzima. Nililala pale na wanawake wa Kigoma, Tanga, Mtwara, tukipangwa foleni ya mionzi bila kuulizwa ukoo. Nawashukuru wauguzi wa pale kwa mikono yao. Wapo walioniosha wakati sikuweza kujiosha.

Kitanda cha pili alikuwepo mama wa makamo yangu, Mmwera. Jioni moja akaniuliza, "Dada, wewe kwenu wapi?"

"Narung'ombe."

Akainuka akakaa. "Narung'ombe? Narung'ombe ipi, ya kwetu Ruangwa?"

Nikamwambia sijui ya Ruangwa, mimi ni wa Narung'ombe ya sokoni. Akacheka mpaka akashika tumbo lenye maumivu. Kisha akanisimulia alivyosimuliwa na babu yake: Mwingereza na Mjerumani waligombania visima vya maji huko kwao, na wapagazi walikufa kwa kiu na kuhara wakazikwa pembezoni mwa njia. Nilipopata nguvu za kusoma nilitafuta vitabu. Ni kweli. Mapigano ya Narung'ombe yalikuwa tarehe 19 Julai 1917. Tandamuti ni kilima bara ya Lindi, kilichoshambuliwa Agosti mwaka huo huo. Mahiwa ilikuwa Oktoba. Kibambawe, kivuko cha Rufiji, ilikuwa Januari. Waingereza waliochora mitaa ya Kariakoo baada ya vita waliiweka kampeni yao yote ya kusini pale, mtaa kwa mtaa, juu ya kambi ya watu walioibeba.

Sisi Waswahili mtu akipona ana jambo la kutimiza. Mwingine husoma maulidi, mwingine huchinja mbuzi akawalisha majirani, mwingine huenda Bagamoyo au Kilwa kuzuru. Mimi nilikuwa nimeweka nadhiri kitandani: nikiinuka, nitakwenda kwa miguu yangu kila mahali mitaa yetu ilikopata majina. Wanangu walinisihi nisiende. Walisema mwili bado. Niliwaelewa, nikangoja daktari aseme, naye akasema.

Basi la kusini linaondoka alfajiri. Nilikaa dirishani na mfuko wa dawa mapajani, chupa ya maji, mkate wa mofa niliofungiwa na binti yangu. Ikwiriri tukavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Wenye umri wangu wanakumbuka pantoni ya Ndundu, na masika ambayo basi lilikwama njiani kwa siku kadhaa, abiria wakila mihogo ya kununua vijijini. Nililitazama lile jimaji la kahawia chini ya daraja, nikawafikiria waliolivuka mwaka 1917 na mizigo kichwani, matumbo yakiwauma. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kijana aliyekaa pembeni yangu akaitikia "Amina" bila kuniuliza kwa nini.

Lindi nililala usiku mmoja. Asubuhi nikashika njia ya Masasi. Panapogawanyika barabara ya Mtwara na Masasi panaitwa Mnazi Mmoja, jina la kiwanja kinachotenga Kariakoo yetu na mji wa zamani wa Wahindi. Bonde la Lukuledi ndipo Tandamuti ilipo. Ukipita Mtama unafika Nyangao, kwenye hospitali ya misheni, na Mahiwa iko jirani. Siku nne za Oktoba 1917 askari walioletwa kutoka Nigeria walipigana pale na askari wa Lettow-Vorbeck, nao walikuwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wangoni, watu wa nchi hii. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na kujeruhiwa. Hesabu hiyo ni ya askari. Waliowabeba majeruhi kwa machela kurudi Lindi ni wapagazi.

Nilimkuta mzee akipalilia mikorosho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamweleza nimetoka Dar es Salaam, jirani na Mtaa wa Mahiwa, nimekuja kupaona Mahiwa yenyewe. Hakushangaa. Akaniongoza kwenye kona ya shamba, akasema jembe lake huokota maganda ya risasi hapo, na baba yake alimkataza kulima karibu na mbuyu kwa sababu kuna watu chini. "Watu gani?" nikauliza. "Wa mizigo," akasema. Nikasoma Fatiha pale, naye akasimama nami mpaka nilipomaliza. Yeye ni Mkristo. Akafunga kwa "Amina".

Kutoka Nanganga nikapanda gari la Ruangwa. Yule dada yangu wa wodini alinipokea stendi. Naye alikuwa amepona, amenenepa, nilimjua kwa kicheko chake kabla sijamwona uso. Ilikuwa msimu wa ufuta, mafungu ya mashina yamesimamishwa mashambani kukauka. Tulikwenda Narung'ombe kwa bodaboda, yeye mbele, mimi nyuma yake kwenye ya pili, tukapiga kelele za furaha njia nzima. Pale kijijini niliwaambia wanawake kwamba Dar es Salaam kuna mtaa wenye jina lao, ambako chumba kimoja cha duka hupangishwa kwa mamilioni ya shilingi. Bibi mmoja akauliza kama mtaa huo unajua umetoka wapi. Nikamjibu haujui, ila nitauambia.

Nimeanza kuuambia. Nimewaeleza wapangaji wa lile ghorofa, nimemweleza mwalimu wa historia wa shule ya jirani, nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba kibao: jina, tarehe, na neno wapagazi. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi katika maandishi ya chini, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Kariakoo ndiyo iliyokuwa kambi yao, na Kariakoo ndiyo inayostahili kuwataja kwanza.

Imebaki Kibambawe. Ni safari ngumu kuliko zile nyingine, kwa maana upande ule wa Rufiji uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Karibu yake ni Behobeho, alikouawa Selous, mwindaji wa Kiingereza, Januari 1917. Kaburi lake lina jiwe, na pori zima lilipewa jina lake kwa miongo mingi. Nataka nilione kaburi hilo, kisha niteremke mtoni ambako hapana jiwe lolote. Dada yangu wa Ruangwa amesema tutakwenda wote. Kliniki yangu ijayo ni Septemba, na tumekubaliana tutaondoka Juni, mara maji yatakapopungua.