Kipimo cha MRI: tahadhari zake kwa mama na mtoto

MRI ni kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio. Hakitumii mionzi kama ya eksirei au CT skani. Hata hivyo, kina tahadhari zake.

Miongozo ya mwanzo ilisemaje?

Mashine hizi zilipoanza kuingia hospitalini miaka ya 1980, uzoefu ulikuwa mdogo. Mwaka 1983, bodi ya kinga ya mionzi ya Uingereza (NRPB) ilitoa mwongozo uliorekebishwa. Miongoni mwa mambo yake:

- Sumaku isizidi nguvu ya tesla 2.5 kwa mgonjwa.
- Mawimbi ya redio yasipandishe joto la mwili zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi.
- Ni busara kutompima mjamzito katika miezi 3 ya kwanza.

Ushauri huo kwa wajawazito haukutolewa kwa sababu watoto walionekana kudhurika. Miezi hiyo ndiyo viungo vya mtoto huumbika, hivyo wataalamu waliona heri kujihadhari.

Je, leo mjamzito anaweza kupimwa?

Ndiyo, katika mwezi wowote, endapo daktari ameona kuna sababu ya msingi. Dawa ya gadoliniamu, inayochomwa ili picha ionekane vizuri, huepukwa wakati wa ujauzito isipokuwa pale inapohitajika sana. Kama ulipimwa kabla ya kujua una mimba, usiogope wala usifikirie kuitoa kwa sababu hiyo. Mweleze daktari wako.

Kabla ya kuingia chumbani

Sumaku huwa inavuta muda wote, hata kama hakuna anayepimwa. Chuma kinaweza kuruka na kumjeruhi mtu. Kwa hiyo:

- Sema kama una mimba au unahisi unayo.
- Sema kama wewe au mtoto ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifaa cha usikivu kilichopandikizwa, au chuma chochote mwilini.
- Vua hereni, bangili, pini za nywele na hirizi yenye chuma. Acha simu nje.
- Mashine hupiga kelele sana; omba vizibo vya masikio.
- Mtoto akihisi joto kali au kuungua, mwite mhudumu mara moja.

Ukimsindikiza mtoto ndani, nawe utaulizwa maswali hayohayo. Yajibu yote kwa ukweli.