Makro ni Uwiano

Neno "makro" limechapishwa kwenye maboksi mengi kuliko lenzi zinazolistahili. Ingia duka la kamera Kariakoo, au tembea barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utalikuta kwenye lenzi za zumu, kwenye vilenzi vya kubana kwenye simu, na hata mgongoni mwa simu yenyewe, penye kijicho cha megapikseli 2 ambacho kazi yake kubwa ni kujaza nafasi. Anayeanza kupiga picha za vitu vidogo, tena kwa pesa za kubana, hana budi kujua neno hili lina maana gani kabla hajatoa hata shilingi.

Makro ni uwiano kati ya ukubwa wa taswira inayoangukia kwenye kihisi cha kamera na ukubwa wa kitu chenyewe. (Wapo wanaosema sensa badala ya kihisi, lakini sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu, na makarani wake wana kazi ya kutosha.) Kitu cha milimita 10 kikiacha taswira ya milimita 10, uwiano ni 1:1. Kikiacha taswira ya milimita 2.5, uwiano ni 1:4. Wapiga picha wakali hawakubali kuita kitu makro mpaka kifike 1:1. Wenye huruma huridhika na 1:2. Watengenezaji wa lenzi za zumu huridhika na 1:4, wakati mwingine na pungufu ya hapo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukimchukua buibui mmoja. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003 na kuchunguzwa sana katika kituo cha icipe kilichoko Mbita, Kenya. Umaarufu wake ni wa chakula: humpenda mbu jike aliyekwisha kushiba, hivyo hupata damu bila kumuuma mtu. Mwili wake una milimita 5 hivi. Kamera nyingi za bei nafuu zenye lenzi za kubadilisha zina kihisi chenye upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa uwiano wa 1:1, buibui huyo anachukua zaidi ya moja ya tano ya upana wa picha, na macho yake makubwa ya mbele yanahesabika. Kwa 1:4, taswira yake ni milimita moja na robo: nukta ya kahawia ukutani. Na maboksi ya lenzi zote mbili yameandikwa neno lilelile.

Neno lenyewe halina hatia. Mwaka 1899 W. H. Walmsley alipendekeza kwamba picha zilizokuzwa chini ya mara 10 ziitwe kwa jina lenye "makro", zisichanganywe na zile za "mikro" zinazopigwa kwa hadubini. Kwa Kigiriki makros ni refu au kubwa, na mikros ni dogo. Canon na Sony huandika Macro kwenye lenzi zao. Nikon, tangu miaka ya 1950, huandika Micro kwa kazi ileile. Kwa hiyo muuzaji wa mitumba akikupunguzia bei ya Micro-Nikkor kwa sababu "hii si makro", usimsahihishe mpaka umelipa.

Tuiite nini basi kwa Kiswahili? "Picha za karibu" ndilo jina jepesi, ila umbali siyo hoja. Nikon iliwahi kutengeneza lenzi ya milimita 200 inayofikia 1:1 ikiwa nusu mita kutoka kwenye kihisi, wakati simu inaweza kumsogelea mdudu mpaka karibu kumgusa na bado ikatoa taswira ndogo. "Picha za kukuza" inavutia zaidi, lakini kwenye 1:1 lenzi haijakuza chochote. Imenakili tu, na kukuza kunakuja baadaye kwenye skrini au karatasi. "Picha za wadudu" inawafukuza wenye kupiga sarafu, stempu, mbegu na nyuzi za kanga. Mimi ningeiacha "picha za makro" iwe jina la fani, kwani wapiga picha wa Dar es Salaam na Nairobi wameshalizoea, kisha nikaweka maneno mawili yatakayofanya kazi kila siku: "uwiano wa taswira" kwa kile kinachopimwa, na "ukubwa halisi" kwa 1:1. Mteja anayeuliza "hii ni makro?" atajibiwa ndiyo kila duka. Anayeuliza "inafika uwiano gani?" amemlazimisha muuzaji atafute tarakimu.

Muuzaji akikosa jibu, rula ya mwanafunzi inalo. Weka lenzi kwenye kamera, ilaze rula, sogea mpaka karibu kabisa ambapo mistari bado inaonekana vizuri, piga. Hesabu milimita zilizoingia kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Ukiwa na kihisi cha milimita 24 na picha imebeba milimita 24 za rula, uko kwenye ukubwa halisi. Ikibeba 96, hiyo ni 1:4, na boksi liseme litakalo. Kwa simu uwiano hausaidii sana, maana kihisi chake ni kidogo mno. Hapo tazama tu ni milimita ngapi za rula zinazojaza picha, ulinganishe simu na simu.

Uwiano ukishaeleweka, vifaa vya bei nafuu vinaacha kuwa vya kubahatisha, kwa kuwa kila kimoja kina hesabu yake. Mirija ya kurefushia haina kioo ndani. Inaisogeza tu lenzi mbali na kihisi. Gawanya urefu wa mirija kwa urefu wa fokasi wa lenzi, utapata uwiano unaoongezeka. Seti za bei ya chini huwa na vipande vya milimita 7, 14 na 28, jumla 49. Zikiwekwa nyuma ya lenzi ya milimita 50, ile ambayo wengi wanayo tayari, unafika ukubwa halisi. Mirija hiyohiyo nyuma ya lenzi ya milimita 200 inaongeza robo tu.

Kwa lenzi ndefu kuna miwani: lenzi ndogo inayofungwa kwa mbele na kupimwa kwa diopta, kipimo kilekile cha miwani ya kusomea. Gawanya 1000 kwa diopta upate urefu wake wa fokasi, kisha gawanya urefu wa fokasi wa lenzi yako kwa huo, upate uwiano. Diopta 4 mbele ya milimita 200 ni 200 kwa 250, yaani 0.8, karibu na ukubwa halisi. Epuka seti za miwani minne ambayo kila mmoja una kioo kimoja tu. Zinachora rangi za zambarau pembeni. Raynox DCR-250, yenye diopta 8, ni ghali kidogo lakini imetengenezwa kwa vioo vitatu na hubanwa mbele ya lenzi nyingi.

Cha bei ndogo kuliko vyote ni pete ya kugeuzia, inayokuwezesha kufunga lenzi kinyumenyume. Hapa sheria inapinduka: lenzi fupi ndiyo inayokuza zaidi. Milimita 50 iliyogeuzwa inakaribia 1:1, na ya 28 inavuka 2:1. Gharama yake ni kwamba kamera haizungumzi tena na lenzi, na tundu la lenzi haliongozwi kwa vitufe. Ndiyo maana lenzi ya zamani ya enzi za filamu, yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono, ina thamani kubwa kwenye kazi hii kuliko mpya isiyo nayo. Onyo hilohilo linahusu mirija isiyo na viunganishi vya umeme.

Mwenye akiba kidogo zaidi anaweza kuruka yote hayo. TTArtisan milimita 40 na 7artisans milimita 60, zote za kuzungusha fokasi kwa mkono, zinafika ukubwa halisi kwenye kamera zenye kihisi cha kati, kile cha milimita 22 hadi 24. Kukosa fokasi ya kujiendesha si hasara. Kwenye 1:1 watu hufunga fokasi mahali pamoja na kuyumba mbele na nyuma kwa mwili mpaka jicho la mdudu litokee.

Kuyumba huko kuna sababu. Kwenye ukubwa halisi, tundu likiwa f/8, unene wa eneo linaloonekana kwa ukali haufiki milimita moja, na mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo ya ule wa kawaida, kana kwamba umeweka f/16. Ukibana tundu zaidi ili upate unene, giza linaongezeka na picha nzima inaanza kulainika. Ukipunguza kasi ya shata, upepo kwenye jani unakuharibia. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayokwepa jambo hili, na hapo ndipo wanaoanza hukosea mgawanyo wa pesa: wanamaliza zote kwenye kioo na kubaki bila mwanga.

Kama fungu ni dogo, ningenunua pete au mirija kwanza, na zinazobaki zote ziende kwenye flashi ya kurekebisha kwa mkono, kama Godox TT600. Ikiwekwa kwenye nguvu ndogo, mwako wake ni mfupi sana, mfupi kuliko shata yoyote ya kutumia na flashi, kwa hiyo unagandisha mkono unaotetemeka na mdudu anayetembea. Mwanga wake mtupu ni mkali na huacha doa jeupe kwenye gamba la mdudu. Kata kidumu cheupe cha maziwa, kishikize kwa gundi ya karatasi mbele ya taa, na ukisogeze mpaka kikaribie ncha ya lenzi. Kadiri kinavyokuwa kikubwa na karibu na mdudu, ndivyo doa linavyolainika.