Kiti ambacho bibi hakukikalia



Najua nimepotea. Wiki mbili nzima tumekuwa na mitihani midogo mfululizo, na juu yake mhadhiri wetu wa mbinu za kufundisha historia katupa kazi: kila mtu achague kitu kimoja, kisiwe kitabu, aeleze angekitumia vipi kufundishia sekondari. Wenzangu wengi wamechagua sarafu za zamani na zana za mawe. Mimi nikachagua kiti cha enzi, manake nimetoka Lamu na likizo iliyopita nilikuwa nimepita makumbusho yetu.

Kwa asiyefika, Makumbusho ya Lamu iko pale mbele ya bahari, kwenye nyumba walimokuwa wakikaa wakuu wa serikali ya Kiingereza. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imejulikana zaidi kwa siwa mbili, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilizokuwa zikipulizwa kwenye sherehe za waungwana. Lakini kuna pia milango ya nakshi, vito vya wanawake, sahani za Kichina za kupanga kwenye zidaka, na viti vya enzi.

Kiti cha enzi ni kirefu mgongoni, cha mbao nyeusi, kimetiwa vipande vya pembe, na pale pa kukalia na kuegemea pamesukwa kwa nyuzi. Chini kina pa kuwekea miguu. Kinafunguka vipande vipande, kwa hiyo kuhamishika si tabu. Kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima au mkubwa wa nyumba. Kibao cha maelezo kitakwambia mambo hayo, na karne, basi.

Nilipiga picha kwa simu nikaenda kumwonyesha bibi. Nyumba yetu ya Mkomani ilikuwa nacho kimoja, kikauzwa mwaka 1974. Nilitaka kujua kama ndicho.

Bibi akavaa miwani, akatazama sana. "Hiki sicho, mwanangu. Chetu kilikuwa kimetoka pembe hapa mkononi. Akaja fundi wa Langoni akakitengeneza."

Nikamuuliza huyo fundi kwake alikuwa na kiti kama hicho? Akacheka. "Atoe wapi?"

Na wewe bibi, ulikuwa ukikikalia? "Mimi! Kiti cha wageni? Nilikipangusa tu, miaka minane, tangu nilipoolewa mpaka kilipotoka."

Kilitokaje? Hapo akanyamaza kidogo. Mjomba alikuwa mgonjwa, na ada ya shule haijalipwa. Siku hizo watalii walikuwa wameanza kujaa Lamu, na madalali wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza vitu vya kale. Babu akakubali bei ya kwanza. Bibi anasema mumewe hakuketi sebuleni mwezi mzima.

Sasa mimi mwanafunzi wa historia nikarudi chuoni na swali: nyumba ya fahari ilifikaje kuuza fahari yake? Jibu halikuanzia 1974. Utajiri wa waungwana wa Lamu ulisimama juu ya majahazi na juu ya mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, biashara ikaifuata. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria huku pwani ya Kenya, mashamba yakakosa wa kuyalima. Watumwa walipata haki yao, na hilo silisikitikii hata kidogo. Lakini nyumba zilibaki na vitu vizuri bila kipato cha kuviweka. Vikaanza kutoka kimoja kimoja. Sheria ya kulinda vitu vya kale ilikuja upya mwaka 1983, chetu kimeshaondoka.

Kwa hiyo naona makumbusho ilifanya jambo kubwa, bila hiyo nisingekuwa na hata cha kupiga picha. Ila kibao kinaishia kwenye mbao na karne, wakati historia ya kiti ni ya waliokitengeneza, waliokikalia, waliokipangusa, na sababu iliyokitoa nyumbani. Somo langu litakuwa maswali hayo manne tu. Wanafunzi wayapeleke kwao, wakaulize kuhusu kitu chochote, hata kama ni kinu cha kutwangia.

Kazi naiwasilisha Alhamisi, mniombee. Na nyinyi ambao bibi zenu wangali hai, waulizeni mapema. Wangu nilimkuta kwa bahati tu, na miaka yote nilikuwa nikilala chumba cha pili.

Tuonane wiki ijayo, inshallah.