Posta ipi iingie kwenye orodha?

Haya, nimerudi. Mlioniuliza kwa nini nimekuwa kimya: nilikuwa nikitengeneza orodha ya posta za kale za Kenya, kazi niliyodhani ni ya wikendi moja. Programu iliisha mapema. Historia ndiyo iliyonishinda.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Katika hifadhidata nilitumia jina la mji kama ufunguo: mji mmoja, posta moja. Lamu ikaniumbua. Wajerumani walifungua posta yao pale tarehe 22 Novemba 1888, Lamu ikiwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, na barua zikabandikwa stempu za kawaida za Ujerumani. Mei 1890 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ikaanza posta yake Mombasa na Lamu. Wajerumani hawakufunga mpaka tarehe 31 Machi 1891. Yaani kwa karibu miezi kumi mji ule mdogo ulikuwa na posta mbili za mataifa mawili, na programu yangu ikaifuta ya kwanza bila hata kulalamika!

Basi nikaacha kuhesabu miji, nikahesabu ofisi. Majengo nayo nikayatenga, kwa sababu ofisi huhama na jengo likabaki.

Kanuni ya pili: kila posta iwe na ushahidi wa aina mbili usiotoka chanzo kimoja. Tovuti kumi zilizonakiliana ni chanzo kimoja tu (nyinyi mnaonakili programu za watu mnanielewa). Stempu peke yake haitoshi pia. Kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, kwa hiyo iliyouzwa Kisumu ni sawa na iliyouzwa Dodoma. Kinachosema mahali na siku ni muhuri.

Hapo ndipo nilipogombana na mzee mmoja wa kwetu, karani wa posta wa zamani. Ofisi yake haikuwemo. Akaniambia ilifunguliwa 1948, na yeye alikuwepo. Nilimwamini, lakini kumbukumbu yake ni shahidi mmoja. Wiki mbili baadaye akaniletea bahasha iliyokunjamana, yenye muhuri wa Machi 1956.

Muhuri ule unathibitisha kwamba siku ile posta ilikuwepo. Ilifunguliwa lini, hausemi. Nikaiingiza ofisi yake kwa furaha, ila pale palipoandikwa "ilifunguliwa" nikabadilisha pawe "ilikuwepo kufikia", na nikafanya vivyo hivyo kwa zaidi ya nusu ya orodha. Miaka mingi niliyokuwa nimejaza haikuwa na msingi wowote.

Mzee alivaa miwani, akasoma 1956 kwenye kioo cha tarakilishi, akanigeukia. "Kijana wangu, umeninyang'anya miaka minane."

Bado natafuta muhuri wa 1948. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la barua za zamani, tafadhali someni mihuri kabla ya kuwapa watoto wabandue stempu.