Solfa, Mizani na Sikio la Mhakiki: Maandishi ya Muziki katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Kuwa shairi la kimapokeo la Kiswahili hutungwa ili liimbwe ni jambo lisilo na ubishi mkubwa. Amri Abedi aliufungamanisha ushairi na wimbo katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), na Ibrahim Noor Shariff akalitilia mkazo suala hilo katika Tungo Zetu (1988). Hata hivyo, uhakiki wa bahari za ushairi aghalabu huishia katika kuhesabu mizani na kulinganisha vina, huku mahadhi yenyewe yakitajwa kwa jina tu. Sababu mojawapo ni bayana: mhakiki hakufundishwa kuisoma wala kuiandika sauti. Makala haya yanafuatilia historia ya hati moja ya muziki iliyoenea Afrika kupitia shule na makanisa, yaani solfa, na kudai kuwa misingi yake ni sehemu ya elimu anayoihitaji mhakiki wa ushairi.

Asili na Muundo wa Solfa

Silabi za solfa zina asili ya kale. Katika karne ya 11, mtawa Guido wa Arezzo, nchini Italia, alizitoa silabi sita katika utenzi wa Kilatini ili kuwafunza waimbaji wa kanisa kuzitambua sauti wasizozijua. Huko Norwich, Uingereza, Sarah Glover alibuni mfumo wa herufi uliochapishwa mwaka 1835, na John Curwen, kasisi aliyetakiwa mwaka 1841 kutafuta njia rahisi ya kufunza nyimbo katika shule za Jumapili, akaukopa na kuurekebisha.

Mfumo wa Curwen hauhitaji mistari mitano wala alama za duara. Sauti saba huandikwa d, r, m, f, s, l, t. Herufi d huwa ndiyo makao ya wimbo, uwe umeanzia juu au chini. Katika nyimbo zenye mkondo wa huzuni, makao huhamia l. Mstari wa wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutangulia pigo jepesi, na kistari huonyesha kuwa sauti inaendelea. Kijistari kidogo juu ya herufi huipandisha oktava moja, na chini yake huishusha.

Manufaa yake kwa wamisheni yalikuwa ya kiuchumi pia. Mtambo uliochapa katekisimu uliweza kuchapa wimbo kwa herufi zile zile, na mwalimu asiye na kinanda aliweza kufunza kwaya ya sauti nne kwa ubao na chaki. Hivyo ndivyo solfa ilivyogeuka kuwa kisomo cha pili cha mwanafunzi Mwafrika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, alitunga wimbo wake maarufu kwa hati hiyo. Lahani yake ndiyo iliyochukuliwa na Tanganyika mwaka 1961 kwa wimbo wa taifa wenye maneno ya Kiswahili.

Mizani Nane, Mapigo Mawili

Pamoja na manufaa hayo, tenzi za kanisa zilizofasiriwa zilizua mgogoro ambao hesabu ya mizani haiwezi kuufichua. Katika Kiswahili, mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo si pambo: barabara iliyotamkwa kwa kanuni hii ni njia, ilhali ikikazwa silabi ya pili kutoka mwanzo huwa na maana ya "sawasawa".

Tuchukue mshororo wa mizani nane katika nyimbo nyingi za Kiingereza. Pigo zito huangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8. Ukiandikwa kwa alama za Curwen, nambari zikisimama mahali pa silabi, huwa hivi:

:1 | 2 :3 | 4 :5 | 6 :7 | 8

Kipande cha mizani nane katika utenzi wa Kiswahili hakikubali mpangilio huo. Kikimalizika kwa neno la kawaida lenye silabi mbili au zaidi, mkazo wake wa mwisho huangukia silabi ya 7:

| 1 :2 | 3 :4 | 5 :6 | 7 :8

Mhakiki ahesabuye mizani ataviona vipande hivi kuwa sawa, kwani vyote vina nane. Mwenye kujua solfa ataona kuwa vinapingana. Ndiyo maana katika baadhi ya tenzi zilizofasiriwa neno kama "Mwokozi" huimbwa kana kwamba mkazo wake uko kwenye -zi. Mfasiri hakukosea mizani, alikosea pigo. Kinyume chake, lahani zianzazo kwa pigo zito na kuishia kwa pigo jepesi huyapokea maneno ya Kiswahili bila kuyavunja. Kwa hivyo, hukumu kuwa tenzi za kanisa ni "ushairi dhaifu" yafaa ichunguzwe upya: huenda udhaifu umo katika ndoa ya maneno na lahani wala si katika maneno yenyewe.

Kilichohifadhiwa na Kilichopotea

Kila hati huchagua cha kuhifadhi. Hati ya Kiarabu, kabla ya kurekebishwa kwa ajili ya Kiswahili, ilikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano. Msomaji alijaziliza kwa kuijua lugha. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliokolewa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Kilichookolewa ni maneno. Namna Muyaka alivyoyaghani yale majibizano ya Mombasa haimo katika herufi hizo, na msomaji wa leo hana sikio la wakati ule la kujaziliza.

Solfa nayo ina upofu wake. Ngazi yake haina alama ya sauti zilizo kati ya nusu na nusu, zinazosikika katika taarab yenye athari za maqamu za Kiarabu. Kwa bahati njema, Siti binti Saad aliimba kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, na sahani zile zikahifadhi kile ambacho herufi saba zisingeweza kukinasa. Fauka ya hayo, ngoma zenye mapigo kadhaa kwa wakati mmoja hubanwa mno na mstari mmoja wa wima.

Wakati mwingine, hata hivyo, hati na sikio vilishirikiana. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliandaa wimbo wa taifa la Kenya kutokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Lahani iliyoishi vinywani mwa akina mama wa Mto Tana iliingia katika maandishi, ikavishwa maneno ya Kiswahili, na kuimbwa na taifa zima. Isingalikuwako kwa mama aliyeibembeleza, tume ingekosa cha kuandika. Isingaliandikwa, pengine isingalivuka mto.

Hitimisho

Historia hii haidai kuwa solfa ndiyo kipimo cha ushairi wa Kiswahili. Inadai jambo dogo zaidi, ila la lazima: kuwa mwanafunzi wa fasihi anayefunzwa vina na mizani hana budi kufunzwa pia pigo zito na jepesi, sauti ya makao, na namna ya kuandika lahani aisikiayo uwanjani. Bado wako wazee na akina mama wanaoghani tenzi kwa mahadhi waliyorithi. Mtafiti anayewaendea na daftari la maneno pekee hurudi na nusu ya shairi, na nusu ya pili huzikwa na mghani wake.